Sufrido: neno moja la Wahispania juu ya mtu mwenye kuvumilia

Mwezi huu tutakaa kidogo juu ya neno moja la Kihispania, hata kama wengi wetu hatutasema ile lugha hata siku moja. Neno lenyewe ni sufrido. Kwa mwanamke wanasema sufrida, kwa watu wengi sufridos. Linasomwa sawa linavyoandikwa. Ile d ya katikati inakuwa laini, karibu na dh ya Waswahili wa pwani, lakini ukiisema d yetu ya Katanga watakusikia bila shida.

Juu ya nini neno la mbali namna hii katika gazeti la jamaa za migodi? Kwanza, Kihispania ni lugha ya migodi tangu zamani. Fedha ya mlima wa Potosí, katika Bolivia ya leo, ilianza kuchimbwa na Wahispania mwaka 1545. Shaba ya Río Tinto iko Hispania kwenyewe, na shaba ya Chuquicamata iko Chile. Kuko tena bati ya Bolivia, ile kasiteriti yenye watu wa Manono na Kalima wanaijua vizuri. Halafu neno hili linafanya kwao kazi ileile yenye neno «mvumilivu» linafanya katika nyumba zetu. Linasifu mtu, na siku nyingine linamfunga kinywa. Katika neno la wageni tunaona wazi kitu chenye kwetu tumekwisha kukizoea.

Kubeba kwa chini

Sufrido linatoka katika sufrir, ni kusema kuteseka, kupata maumivu. Wenye kusoma Kifaransa wamekwisha kutambua ndugu yake: souffrir. Yote mawili yametoka katika neno la Kilatini sufferre, lenye vipande viwili: chini, na kubeba. Basi kuteseka kwa Walatini kulikuwa kubeba kitu kwa kusimama chini yake, sawa mti wenye kushikilia dari la mgodi. Hata leo kamusi za Kihispania zinaandika kwamba sufrir inaweza kuwa na maana ya kushikilia uzito, kuzuia kitu kisianguke.

Mafundi wa chuma wa Hispania wana hata chombo chenye jina la ukoo huo, sufridera. Ni kipande cha chuma chenye tundu katikati. Fundi akitaka kutoboa chuma, anakiweka chini ya kile anachotoboa, ili ncha ya chombo chake isiharibike ikipita ngʼambo. Kwa hiyo sufridera inalala chini, nyundo inapiga juu, na kazi inaendelea. Kila atelie ina vitu vya namna hiyo, na hakuna mtu anayeviuliza habari.

Sasa tuangalie umbo la neno, kwa maana hapo njo kuko siri. Kwa kuliona tu, mtu angefikiri sufrido ni «aliyeteswa». Sivyo. Lina umbo la jambo lililotendwa, lakini maana yake ni ya mtendaji. Wahispania wana mengi ya jamii hiyo: callado ni mtu mwenye kunyamaza, leído ni mtu aliyesoma mingi, agradecido ni mwenye shukrani. Kwetu tunayo pia, ila yanaishia kwa u: mvumilivu, mnyamavu, msahaulifu, msikivu. Yote hayo yanataja tabia ya mtu, kitu chenye kukaa ndani yake kila siku.

Angalia basi tofauti kati ya maneno yetu mawili. Ukisema «huyu ni mteswa», yeyote mwenye akili atauliza palepale: nani anamtesa? Neno lenyewe linaonyesha kwamba kuko mkono wa mtu mwingine. Lakini ukisema «huyu ni mvumilivu», hakuna anayeuliza kitu. Watu wanatikisa kichwa, wanasema «ndiyo, mama huyu ni mtu kweli», halafu wanaenda kwao. Sufrido iko upande wa mvumilivu. Inamtazama mtu na tabia yake njema, na mzigo wenyewe, pamoja na yule aliyeuweka mabegani, wanabaki pembeni bila kutajwa.

Mwanafunzi wa Kihispania anakosea hapa mara kwa mara. Akiwa na homa anataka kusema «ninateseka», anasema soy sufrido. Hapo amejisifu: mimi ni mtu hodari wa kuvumilia! Alipaswa kusema estoy sufriendo. Na katika «mama ameteseka», ha sufrido, neno halibadiliki, hata kama ni mwanamke, kwa sababu hapo ni tendo tu. La sufrida inakuja siku watu wamekwisha kumpa mama huyo jina la kudumu.

Nguo yenye kuficha uchafu

Kamusi kubwa ya Akademia ya Hispania inalipa sufrido maana tatu. Ya kwanza ni ile tumeona: mtu mwenye kuteseka kwa kukubali, bila kulalamika. Ya pili inachekesha kidogo. Wanasema rangi fulani ni sufrido. Ni rangi gani? Ile isiyoonyesha uchafu: kijivu, kahawia, kaki, bluu nzito ya nguo za kazi. Mama wa Hispania akienda kununua suruali ya mtoto wa shule anaomba color sufrido, asifue kila jioni. Wamama wa kambi hawana lazima ya kufundishwa jambo hili! Lakini fikirini kidogo. Nguo ya rangi hiyo haiko safi kupita nyingine. Uchafu uko palepale, mwingi sawa na wa nguo nyeupe. Ni macho tu hayauoni.

Maana ya tatu ni ya zamani na ya mzaha: marido sufrido ni bwana mwenye kujua kwamba bibi yake anatoka na wengine na ananyamaza. Washairi wa Hispania wa miaka ya 1600 waliwacheka sana mabwana hao. Ajabu ni kwamba bibi mwenye kunyamaza juu ya bwana wa namna hiyo hawakumcheka. Yeye waliendelea kumsifu kwa neno lilelile.

Katika magazeti ya leo neno hili linatembea sana mbele ya jina: el sufrido pueblo, raia wenye kuvumilia, los sufridos mineros, wachimbaji wenye kuvumilia. Hata mashabiki wa timu yenye kushindwa kila Jumapili wanaitwa hivyo, na hapo ni kicheko. Likiwekwa nyuma ya jina, un hombre sufrido, ni maneno ya kweli juu ya mtu fulani. Likiwekwa mbele, mara nyingi ni pambo. Wanasiasa wanalipenda mbele. Ukimsikia mkubwa anaita watu wake sufridos katika hotuba, ujue anawapa sifa, na sifa haitoki katika mfuko wa serikali.

Neno la Mtakatifu Paulo

Kuko mahali pamoja ambapo sufrido limepata heshima kupita pote. Biblia ya Kihispania iliyosomwa sana na Waprotestanti inaitwa Reina-Valera. Casiodoro de Reina, aliyekuwa mtawa karibu na mji wa Sevilla, aliitoa mwaka 1569. Cipriano de Valera, mtawa wa monasteri ileile, akaitengeneza tena mwaka 1602. Katika chapa za 1909 na 1960, pale Mtakatifu Paulo anapoeleza mapendo katika barua ya kwanza kwa Wakorinti, sura ya 13, mstari wa 4, sifa ya kwanza kabisa ya mapendo ni neno hili letu. Biblia nyingine nyingi, sawa ile ya Yerusalemu, zimeweka paciente. Sisi kwa Kiswahili tunasikia uvumilivu.

Somo hilo linasomwa katika ndoa nyingi, kwetu na kwao. Na mara nyingi, bibi arusi akitoka kanisani, mashangazi wanamshika mkono: «Umesikia, mwanangu? Uvumilie.» Bwana arusi yeye anaambiwa nini? Anaambiwa chakula kiko tayari.

Basi turudi kwa Paulo mwenyewe. Aliandika Kigiriki, na neno alilotumia halisemi kitu juu ya maumivu. Ni neno la vipande viwili: urefu, na hasira. Ni kusema hasira yake iko mbali, inakawia kufika. Ni sifa ya mtu aliyekosewa, mwenye nguvu ya kulipiza, na hakimbilii kulipiza. Katika Agano la Kale la Kigiriki neno la ukoo huo linasemwa juu ya Mungu mwenyewe, mbele ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 34. Nani atasema Mungu ananyamaza kwa sababu hana pa kwenda?

Na katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, Yezu anatumia neno lilelile katika mfano wa watumishi wawili wenye deni. Wa kwanza anadaiwa talanta 10,000, anaanguka mbele ya mfalme na kumwomba uvumilivu. Anasamehewa. Anapotoka anamkuta mwenzake mwenye deni la dinari 100 tu, naye anaanguka, anaomba kwa neno hilohilo, anakabwa shingo na kutupwa gerezani. Mara zote mbili, uvumilivu unaombwa kwa yule mwenye kushika deni mkononi: mfalme, halafu mtumishi mwenye kudai. Yule aliyekabwa shingo, hakuna aliyemwambia avumilie.

Hapo njo shida ya kutafsiri. Neno la Paulo liliposhuka katika Kihispania kuwa sufrido, lilianguka juu ya neno lililokuwa limekwisha kuzoea kubeba mizigo chini. Waliosikia walifikiri linasemwa kwa walio chini. Kwa haki, lingesomwa kwanza kwa mwenye nguvu: bwana mbele ya bibi aliyeunguza ugali, mkubwa wa kazi mbele ya kijana aliyechelewa, baba mbele ya mtoto aliyeanguka katika mtihani. Si kusema bibi hahitaji uvumilivu. Paulo hakutenga mtu. Lakini hakuandika barua ya kuwanyamazisha wamama, hilo ni hakika.

Mama wa filamu na mama wa kweli

Nchi yenye kuimba sana habari ya mama sufrida ni Mexico. Sikukuu ya wamama inafanywa huko tarehe 10 Mei tangu mwaka 1922, kwa mwito wa gazeti Excélsior. Katika filamu za miaka ya 1940 mchezaji Sara García alikuwa yule mama wa kila mtu: nywele nyeupe, shali mabegani, machozi karibu, na kusamehe wana wabaya mpaka mwisho. Watu walimpenda kabisa. Tarehe 15 Februari 1971, mwandishi Rosario Castellanos alisimama katika jiji la Mexico, mbele ya rais wa nchi, akasema juu ya kujinyima kwa wanawake, lile neno lenye kutembea kila mara pamoja na sufrida. Aliliita fadhila yenye wazimu. Wengine walikasirika. Mimi naona alichokataa si mapendo ya mama. Alikataa kwamba mmoja ajinyime siku zote na wengine wazoee.

Lakini kwetu sisi wa migodi, mfano wa karibu zaidi uko Bolivia.

Domitila Barrios de Chungara alizaliwa mwaka 1937, akakulia katika kambi ya Pulacayo, akawa bibi wa mchimbaji wa bati katika kambi ya Siglo XX. Alikuwa na watoto saba. Alikuwa anaamka saa kumi ya asubuhi kutengeneza salteña, mikate midogo yenye nyama ndani, watoto waziuze njiani, kwa maana mshahara wa bwana haukufikia mwisho wa mwezi. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Mchimbaji akifa, mara nyingi kwa mavumbi ya mapafu, mjane na watoto walipewa muda mfupi tu wa kutoka. Msomaji wa kambi, hapo hatuna haja ya kukueleza.

Mtu huyo angeitwa sufrida na kila padri, kila mkubwa wa kampuni, kila mgeni mwenye kupita. Lakini yeye na wenzake walifanya kitu kimoja kidogo: walikaa wakahesabu. Ukilipa mtu kufua nguo, kwa dazeni, kwa bei ya mjini, ni pesa ngapi kwa mwezi? Na kupika? Na kulea? Walipojumlisha walikuta kazi ya mama nyumbani ingelipwa kupita mshahara wa bwana chini ya ardhi. Kwa hiyo kampuni ilikuwa inapata wafanyakazi wawili na kulipa mmoja. Tangu 1961 wamama wa Siglo XX walikuwa na komite yao. Mwanzoni hata wachimbaji wenyewe waliwacheka: «Warudi jikoni!»

Mwaka 1965 serikali ya kijeshi ilikata mishahara ya migodi. Tarehe 24 Juni 1967, alfajiri ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, watu walipokuwa bado karibu na mioto ya sherehe, askari waliingia kambini wakapiga risasi. Wafu walikuwa wanaume, wanawake na watoto. Domitila alisema wazi juu ya mauaji yale. Akafungwa, akapigwa akiwa na mimba, na mtoto hakupona.

Tarehe 28 Desemba 1977, siku ya Watoto Watakatifu waliouawa na Herode, wamama wanne wa wachimbaji waliingia na watoto wao katika nyumba ya askofu mkuu wa La Paz, wakaanza kufunga kula. Waliomba waliofukuzwa nchini na waliofungwa wasamehewe wote, wachimbaji waliopoteza kazi warudishwe, sendika zifunguliwe, askari watoke migodini. Wenye akili nyingi mjini walisema: wanne tu, na siku za sikukuu, nani atawasikia? Kundi lingine likaingia katika nyumba ya gazeti la Wakatoliki, Presencia. Humo mlikuwa Domitila, na humo mlikuwa padri Mjezuiti Luis Espinal, aliyekuja kuuawa mwezi wa Machi 1980. Redio ya mapadri Waoblati kule Siglo XX, Radio Pío XII, iliyofunguliwa 1959, ilikuwa imekwisha kuwa sauti ya kambi. Katika muda wa majuma matatu wenye kufunga walipita 1,000, katika makanisa, vyuo na ofisi za nchi nzima. Katikati ya Januari 1978 serikali ya jenerali Banzer ilikubali msamaha wa wote.

Wale wamama waliteseka, hakuna anayekataa. Siku ishirini bila chakula ni mateso. Na walikuwa wavumilivu. Lakini safari hii mzigo ulitajwa jina, na waliouweka walitajwa pia. Kwa mtu wa namna hiyo Kihispania kina kivumishi kingine, luchadora, mwanamke mwenye kupigana, na ndicho kilichobaki kwa jina la Domitila. Alipokufa tarehe 13 Machi 2012 katika mji wa Cochabamba, serikali iliamuru siku tatu za kilio kwa nchi yote. Maneno haya mawili hayafukuzani. Mtu anaweza kuwa sufrida asubuhi kwenye sufuria na luchadora jioni kwenye mkutano.

Kwetu tuna methali inayosema mvumilivu hula mbivu. Wazee waliweka ndani yake kitu ambacho sufrido haina: tunda, na siku ya kulila. Uvumilivu wao ulikuwa wa mkulima, mwenye kujua mti gani amepanda.

Mkiwaandikia masista

Kuko parokia zenye masista au mapadri kutoka Hispania au Amerika ya Kusini, na wasomaji wengine wanapenda kuwaandikia mistari miwili katika lugha yao. Basi maneno haya machache yawasaidie.

Mwenye msiba, ndugu wa marehemu, anaitwa doliente. Mgonjwa wa hospitali anaitwa paciente, sawa Kifaransa. Ni neno lilelile la kusema mtu mwenye subira, na wagonjwa wenyewe wanacheka juu yake wakingojea daktari. Doloroso ni kitu chenye kuumiza, sawa kidonda au habari mbaya. Lakini Bikira Maria wa Mateso, mwenye sikukuu tarehe 15 Septemba, anaitwa la Dolorosa, na wasichana wengi wamebatizwa Dolores kwa heshima yake. Nyumbani wanawaita Lola.

Sista akifiwa na mama yake, usimwandikie kwamba marehemu alikuwa sufrida, hata kama unataka kumsifu. Hujui katika masikio yake neno hilo limebeba nini, na pengine ndilo neno baba yake alilolitumia kila siku. Andika te acompaño en el sentimiento, ni kusema ninakusindikiza katika huzuni yako. Wahispania wote wanalijua, waliliandika hata katika telegramu, na linatosha.